Maswali Yenu ya Karata: Meza nzima inakol, nifanyeje?

SWALI: Kaka shikamoo. Niko Houston huku Marekani, wikendi huwa naenda klabu ya karata kucheza Texas hold'em (poka ya karata mbili mkononi na tano za wote mezani), meza ya dola 1 na 2, yani dau za lazima za kuanzia. Mi nacheza kwa kubana sana, nafoldi nafoldi (natupa karata) weee, af nikipata mkono wa maana nareizi (napandisha dau) dola 6 watu watano wote wanakol (wanalipa dau hilohilo wabaki) na takataka zao. Juzi nilikuwa na A mbili, mtu ana 7 na 3 akanipiga. Hawa hawajui kucheza kabisa lakini ndo wanaondoka na hela. Nianze kucheza kama wao au nihame meza?
Msomaji, Houston

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Meza usihame, kuna watu wanaitafuta meza kama hiyo hawaipati. Tatizo ni hiyo dola 6. A mbili ukikutana na mtu mmoja mwenye karata zozote unashinda kama asilimia 85, ila wakiingia watano unashuka mpaka kama 49, yani karibu nusu ya mara zote utapigwa tu, kwa hiyo yule wa 7 na 3 hajakuibia, ni hesabu. Na bado 49 ni nzuri mno ukifikiria kwamba poti, yani hela zote zilizowekwa mezani, ina hela za watu sita na wewe umeweka fungu moja tu.

Sasa reizi dola 12 mpaka 15, na kwa kila aliyeingia kabla yako kwa kukol ongeza dola 2 juu ya reizi yako. Wawili watatu wataondoka, wengine watakol vilevile maana mtu aliyezoea kukol haangalii ni 6 au 15, hapo ndo unapata faida yako.

Af nina wasiwasi na unavyocheza baada ya flopu (karata tatu za kwanza za mezani), wengi wanaobana mwanzoni wanakuwa waoga mbele. Chukulia una A na K, poti ina dola 60, flopu imekuja A, 9, 4 na kopa mbili, jirani ana kopa mbili mkononi anasaka ya tano. Kwake zimebaki kopa 9 kwenye karata 47 asizoziona, kwa hiyo kwenye tani (karata ya nne ya mezani) anapata kama asilimia 19. Ukibeti dola 10 analipa 10 kwenye poti itakayofika 80, anahitaji asilimia 12 na nusu tu, umempa ruhusa na anafanya sawa kabisa kukol! Beti 40 uone, hapo anahitaji zaidi ya 28 na hana, na atakol tu kwa sababu ndo tabia yake, basi kila akikol anakuachia hela hata ile siku kopa inashuka. Tani ikija salama beti tena. Usicheki, yani usipitishe bila kubeti, eti umuonee huruma au uogope, mkono mzuri ulipwe flopu, tani na riva (karata ya tano, ya mwisho).

Blafu, kubeti kwa kutisha watu wakati huna kitu, achana nazo kabisa kwenye meza hiyo, huwezi kumtisha mtu asiyefoldi.

Kingine, vilabu vingi vya Texas havikati hela kwenye poti vinalipisha kwa saa, sasa ukikaa unasubiri A na K tu saa zinakula mtaji. Kwa hiyo ukiwa kwenye batani (kiti kinachoongea mwisho) au karibu yake na watu wameingia kwa bei ndogo, ingia na vipea vidogo, 5 mbili, 6 mbili, ya tatu inakuja kwenye flopu kama mara 1 kati ya 8 au 9 na ikija hawa watu watakulipa vizuri. A na 10 za rangi tofauti ukiwa wa kwanza kuongea, foldi. Na ukishapigwa na A zako inuka kidogo unywe maji, hela ya kodi ya nyumba usiiguse, mikono ya hasira ndo inamaliza watu wanaojua kucheza.

SWALI: Naomba kuuliza, tunacheza nyumbani Mombasa, kuna jamaa anakol kila kitu hareizi kamwe. Juzi nina A na Q, flopu ina Q, nikabeti flopu na tani akakol, riva nikabeti akareizi mara tatu. Nikakol, ana 8 na 5, amepata pea mbili kwenye riva. Ningejuaje?

JIBU: Dada yangu, alikwambia mwenyewe. Beti zako zote tatu zilikuwa sawa, endelea hivyohivyo, ila mtu anayekol usiku kucha akireizi riva ghafla hatanii, pea moja foldi hata kama inauma. Yule anayereizi hovyo kila mkono ndo unaweza kumkol na hiyo Q.