Tipu ya wagumu ihesabiwe mbele ya wagumu

Wadogo zangu mnaoanza kuongoza wageni Kilimanjaro, msimu huu nimewaona wenzenu wakishuka njia ya Mweka na bahasha ya tipu, ile bakshishi ya wageni, imefichwa ndani ya koti, huku wagumu, yaani wapagazi wetu, nyuma wakiulizana, "Wageni wametoa ngapi?" Jambo hili tumelipigia kelele miaka mingi. Naona limerudi.

1. Zungumzeni habari ya tipu kabla ya kupanda, siku ile ya maelezo hotelini. Mgeni aambiwe timu ina watu wangapi na kila mmoja anafanya nini, maana wengine anawaona mara moja tu, wanapompita njiani na hema lake kichwani. Ukingoja mpaka kambi ya Barafu, usiku wa kwenda kileleni, kichwa kinamgonga na chakula hakishuki, ataona unamkamua.

2. Kiasi cha kila mtu kitajwe kwa sauti, wote wakisikia. Niliwahi kuwa msaidizi wa kiongozi mmoja hodari sana, njia ya Machame. Getini mizani ilikataa: mizigo ilizidi kilo 20 kwa mtu, akaongeza wagumu papo hapo. Alifanya vizuri, ila wageni hakuwaambia. Asubuhi ya mwisho wakampa bahasha, tukaimba, tukapiga picha. Hakuifungua. Akasema tutagawana getini. Getini akasema tukifika Moshi. Moshi akawaita mmoja mmoja nyuma ya gari. Mzee aliyebeba mtungi wa gesi safari nzima alihesabu noti zake mara mbili, akazikunja, akazisukuma ndani ya soksi bila kusema neno.

Kumbe mgeni mmoja alikwisha kumtajia mhudumu wa mezani kiasi walichompangia kila mgumu, na kilichofika mikononi kilikuwa pungufu. Mimi nilikuwepo, najua kiongozi yule hakula hata senti. Fedha ziligawanywa kwa watu wengi kuliko wale ambao wageni waliwajua. Lakini nani angemwamini, na mambo aliyafanya nyuma ya gari? Safari iliyofuata aliwapigia simu watu wake wa siku zote. Huyu ana msiba, yule analima, mwingine hapokei. Akapanda na vijana wasiojua hata kufunga hema penye upepo. Aliumia, nami niliumia kwa ajili yake.

3. Wageni waje na noti ndogo na safi. Dola iliyochanika inakataliwa kwenye maduka ya kubadilishia fedha, na anayebaki nayo ni mgumu.

4. Tipu si mshahara. KPAP, mradi wa kusaidia wapagazi wa Kilimanjaro, unapigania haki za wagumu tangu 2003, na bado kuna wanaomwambia mgumu "utapata kwa mgeni" ili wamlipe kidogo. Ukifanya kazi na kampuni ya namna hiyo, uliza malipo ya wagumu wako kabla hujakubali safari.

5. Msiombe buti za mgeni akiwa bado anazihitaji! Akitaka kutoa nguo au vifaa, vitolewe mwishoni, wote wakiwepo.

Na karatasi ya majina iandikwe upya kila timu inapobadilika, hata kama ni mtu mmoja aliyeongezwa getini. Mgeni aisome mwenyewe kambini siku ya mwisho, wewe utafsiri, na kila mtu apokee chake mkononi kabla mizigo haijafungwa.