Msimbo wa QR Unaojisema Wenyewe

Kwa muda mrefu wageni wangu walikuwa wakiingia sebuleni simu ikiwa tayari mkononi, wakiulizia nywila ya waifai hata kabla ya kuketi, ndipo nikabandika karibu na mlango msimbo wa QR ambao, ukiskaniwa, huonyesha maneno mawili tu: UNGESALIMIA KWANZA. Shemeji yangu aliusoma, akacheka, akatoka nje kupiga hodi upya.

Anayetaka kuutumia msimbo kwa mzaha namshauri atie maneno yenyewe ndani yake, asitie kiungo. Kiungo hudai bando, ukurasa ukifutwa utani nao umekufa, na mtu makini hafungui anwani asiyoijua. Msimbo mdogo kabisa, wenye miraba 21 kwa 21, hubeba hadi herufi kubwa 25, ilhali herufi ndogo zikichanganywa humo nafasi hubaki 17 tu. Kwa hiyo tunga kama atungaye jina la kanga, neno fupi lenye kulenga.

Ulionitoa jasho ni msimbo unaotaja idadi ya miraba yake myeusi. Niliandika NINA MIRABA MYEUSI 220, nikahesabu kwa penseli, idadi ikakataa. Nikaweka ile niliyoipata, na msimbo mzima ukabadilika sura, kwa sababu tarakimu moja ikiguswa, ile miraba ya akiba inayosaidia kurekebisha makosa hubadilika pia. Kuna maneno ambayo hayapati jibu kamwe. Nilipobadili NINA kuwa NINAYO, na kuiachia programu ndogo ijaribu nambari zote, hatimaye hesabu ikalingana. (Penseli ilinipotezea Jumamosi nzima, usinifuate huko.)

Ukichapa, acha ukingo mweupe wenye upana wa miraba minne pande zote, na usibandike utani wako karibu na msimbo wa malipo wa muuza duka, maana hapo utaonekana tapeli. Kiwango cha juu cha urekebishaji huvumilia uharibifu wa takriban asilimia 30 ya data, lakini hakizilindi zile alama tatu kubwa za pembeni ambazo kamera huzitafuta kwanza. Mpwa wangu wa miaka minne aliipaka moja kalamu ya rangi, na tangu siku hiyo wageni wamerudia kuulizia nywila.