Bibi ampa mjukuu chai, baba ampa mtoto enaji: nihame na wanangu?

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Tanga nyumba moja na mama mkwe. Mkubwa ni mvulana wa miaka 7, mdogo ni msichana wa miaka miwili na nusu. Nauza duka la mtu, natoka asubuhi narudi jioni, hivyo mdogo anashinda na bibi yake. Bibi humpa chai ya rangi asubuhi na jioni pamoja na chakula, imekolea majani na sukari. Sasa mtoto hataki uji wala maziwa, analilia chai, na usiku halali mpaka saa 5. Kliniki wamempima wakasema damu yake ni ndogo, wakanipa dawa ya maji ya kuongeza damu. Nilipomwomba mama mkwe aache chai alinuna, kisha akaniambia mume wangu amelelewa kwa chai hiyo hiyo na mbona ni mzima. Mume wangu ananyamaza tu. Yeye ni dereva wa bodaboda, na akirudi jioni na chupa yake ya enaji humgawia mkubwa, eti apate nguvu za mpira. Nimechoka, Shangazi. Nafikiria kutafuta chumba nihame na wanangu. Je, nakosea?*
*Mama Wawili, Tanga*

Marahaba mwanangu.

Barua yako ilikuwa ndefu, hapo juu nimeweka kiini chake tu. Karibu yote umemzungumzia mama mkwe, na chupa ya enaji umeitaja kwa mistari miwili. Naelewa. Mke na mama mkwe wakishakwaruzana ndani ya nyumba moja, kila kikombe kinageuka kesi. Lakini kwa macho yangu chupa ile ya mume wako ni nzito kuliko birika la mama yake. Nitaanza na chai kwa sababu damu ya mtoto imeshapimwa ikaonekana ndogo, na hilo halisubiri.

Majani ya chai yana vitu viwili vinavyomgusa binti yako. Cha kwanza ni kafeini, ile inayomkesha. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilipoipitia kafeini mwaka 2015 iliweka kiwango cha miligramu 3 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wa mtoto. Mtoto wa umri wa binti yako huwa na kilo 12 hivi, kwa hiyo kwake ni miligramu 36 kwa siku nzima. Kikombe cha chai ya rangi iliyokolea kinaweza kuwa na miligramu 30 hadi 50. Yeye anapewa asubuhi, anapewa tena jioni. Mtoto wa miaka miwili anahitaji saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku, pamoja na ule wa mchana. Akilala saa 5 usiku na nyumba ikaamka alfajiri, hesabu haitimii. Na asubuhi akiamka mchovu, mnuno wake unatulizwa kwa nini? Kwa chai.

Cha pili, nacho ndicho kinachonitia wasiwasi zaidi, ni ule ukakasi unaousikia ulimini chai ikikolea. Ukakasi huo hushikamana na madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage, mchicha na nafaka, mwili ukashindwa kuyafyonza. Mtoto anakula vizuri, sahani inarudi tupu, na bado damu haipandi, kwa sababu chai imeteremka pamoja na chakula. Ndiyo maana wahudumu wa kliniki husema mtoto mdogo asipewe chai wala kahawa. Juu ya hapo chai yenye sukari inashibisha, ikachukua nafasi ya uji na maziwa ambavyo vingemjenga.

Sasa nikuulize jambo moja ambalo hukuliandika: ile dawa ya kuongeza damu anapewa saa ngapi? Kama anameza asubuhi na kushushia chai, mnapoteza sehemu kubwa ya dawa. Bibi ampe mtoto dawa hiyo kwa maji, au kwa juisi ya chungwa. Tanga hamkosi machungwa ya Muheza, na chungwa linasaidia madini ya chuma yafyonzwe. Kamulia limau kwenye mchicha, mpe kipande cha embe au papai baada ya maharage. Na usiikatishe dawa kwa kuwa choo kimekuwa cheusi, hiyo ni kawaida yake. Maliza kama ulivyoelekezwa, kisha mrudishe akapimwe.

Kuhusu hoja ya mama mkwe kwamba mume wako alilelewa kwa chai akawa mzima, usiidharau. Anasema kweli anayoijua. Nyumba nyingi za pwani zilianza siku kwa chai ya rangi na muhogo wa kuchemsha au kiporo cha wali, maziwa yakiwa ya mgonjwa au ya mgeni. Chai ndiyo iliyowapeleka watoto shule wakiwa na kitu cha moto tumboni. Ukimwambia chai ni mbaya, anachosikia ni kwamba alimlea vibaya mwanawe, na hakuna mama atakayekubali hukumu hiyo kutoka kwa mkamwana. Ndiyo maana alinuna.

Lakini ukweli wa pili nao upo. Upungufu wa damu hauonekani kwa macho mpaka uwe mkubwa. Mtoto anacheza, anacheka, ila anachoka mapema, anaugua mara kwa mara, na akili inayojengwa katika miaka hii ya mwanzo inakosa kitu inachokihitaji. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta watoto 58 kati ya kila 100 wa Tanzania wenye umri wa miezi 6 hadi miaka 5 wana upungufu wa damu. Si chai pekee iliyoleta hali hiyo. Kuna malaria, kuna minyoo, kuna lishe yenyewe. Ila kwa mtoto ambaye tayari damu ni ndogo, chai ya kila mlo inamrudisha nyuma, na wengi wa watoto hao wanaonekana wazima kabisa kwa bibi zao.

Usiyaseme haya wewe, mwanangu. Mwache muuguzi ayaseme. Siku ya kliniki ijayo omba ruhusa kazini, kisha mwombe mama mkwe mwende pamoja, na mtoto ambebe yeye. Mwambie: "Mama, wewe ndiye unayeshinda naye, nataka usikie mwenyewe wanachosema kuhusu damu yake ili unisaidie." Mkifika, kaa kimya. Mwache muuguzi amwelekeze bibi, amwonyeshe kadi, bibi aulize maswali yake. Atarudi nyumbani akiwa ndiye mwenye maagizo ya kliniki, wala hatakuwa mtu aliyeshindwa ubishi na mke wa mwanawe.

Halafu msimnyang'anye mtoto kikombe ghafla. Mtoto aliyezoea kafeini akiikosa siku moja huumwa kichwa, huwa na hasira na kusinzia ovyo, na bibi akimwona hivyo atasema mnamtesa, naye atakuwa na haki ya kusema. Anzeni na cha jioni, kwa sababu ndicho kinachokula usingizi. Kile cha asubuhi kipunguzwe majani siku baada ya siku, na sukari pia, mpaka ndani ya wiki mbili hivi kibaki hakina majani kabisa. Mahali pake mwombe bibi amchemshie mchaichai, na kipande kidogo cha tangawizi au mdalasini. Havina kafeini. Kikombe ni kile kile, mvuke ni ule ule, na mkono unaompa ni wa bibi yake. Wazee wa Tanga wanaujua mchaichai kuliko mimi na wewe, huenda hata unaota uani kwenu. Uji wa lishe apewe kwanza akiwa na njaa, mchaichai ufuate baadaye. Siku za mwanzo atakula vijiko vitatu akakataa. Msikate tamaa, njaa itamrudisha kwenye bakuli.

Na bibi mwenyewe aendelee na chai yake ya rangi. Hakuna aliyesema aiache. Ila ainywe mtoto akiwa anacheza nje, angalau kwa mwezi huu.

Haya, tuje kwa baba.

Hapa sina upole ule nilioutumia kwa bibi. Enaji si kinywaji cha mtoto, kwa kiasi chochote, kwa sababu yoyote. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilisema mwaka 2011 kwamba vinywaji hivi havina nafasi katika mlo wa watoto na vijana, na sijaona sababu ya kubishana nao. Nyingi kati ya chupa zinazouzwa madukani zina miligramu 30 hivi za kafeini kwa kila mililita 100. Chupa ya mililita 300 ina miligramu 90. Mvulana wa miaka 7 mwenye kilo 22 kiwango chake cha siku nzima ni 66, kwa hesabu ile ile niliyokupa juu. Akinywa chupa nzima amekipita mbali, na hata nusu chupa jioni inatosha kumharibia usingizi. Sukari nayo ni vijiko vya chai saba, vinane ndani ya chupa moja. Mwambie mume wako aigeuze chupa asome ubavuni. Nyingi zimeandikwa kwamba hazifai kwa watoto na wajawazito, kwa herufi ndogo, mara nyingi kwa Kiingereza, ndiyo maana watu wanazipita. Huko Ulaya, Lithuania ilipiga marufuku kuwauzia enaji walio chini ya miaka 18 mwaka 2014, Latvia ikafuata 2016, Poland 2024. Muuza duka wa Warsaw, mji mkuu wa Poland, akimuuzia mvulana wa miaka 17 chupa hiyo amevunja sheria. Wako ana miaka 7, na anapewa na baba yake.

Naye anapewa kwa mapenzi, hilo nalijua. Dereva wa bodaboda anayerudi jioni akiwa amekaa juani tangu alfajiri, akamkuta mwanawe anamsubiri mlangoni, anatamani awe na kitu cha kumpa. Chupa iko mkononi, mtoto anaiomba, anamgawia. Tena jina lenyewe linamdanganya baba. Kafeini haimpi mtu nguvu, inauzuia ubongo usisikie uchovu, uchovu ukabaki pale pale mwilini. Kwa mtoto anayekimbia mpira juani hilo ni jambo la hatari, kwa sababu uchovu ndio unaomwambia akae chini anywe maji.

Zungumza naye mkiwa wawili, mama yake asiwepo, na usiichanganye chai ndani ya mazungumzo hayo. Ukianza na "mama yako", atakaa upande wa mama yake na chupa itasahaulika. Mwambie hivi tu: "Baba Fulani, mtoto anakusubiri wewe, hasubiri chupa. Mletee dafu." Tanga dafu ni kitu cha kila kona. Siku hakuna dafu, amletee ndizi mbivu au chungwa. Kama yeye mwenyewe anahitaji enaji ili aendeshe usiku, aimalize kabla ya kuingia nyumbani, na chupa isiingie ndani, maana mkubwa akiiacha mdogo ataanza. Ninashauri pia umwulize, kwa upole, analala saa ngapi siku hizi. Mtu anayebeba abiria kwa kutegemea chupa anahitaji mkewe amjali.

Mpaka hapo mtakapokubaliana, jua dalili hizi. Mkubwa akinywa kisha moyo ukamwenda mbio, akatetemeka, akatapika, akalalamika kifua au kizunguzungu, usisubiri asubuhi. Mpeleke kituo cha afya na ubebe ile chupa, daktari ataisoma.

Umeniuliza kama unakosea kufikiria kuhama. Kufikiria hukosei, umechoka na mwenzako amenyamaza, na ukimya wa mume katika jambo la mama yake na mkewe unaumiza kuliko maneno. Lakini kwa sababu hii usihame. Ukihama utabaki unatoka asubuhi na kurudi jioni, na binti yako atahitaji mtu wa kushinda naye. Huyo utakayemlipa huenda naye akampa chai, na hatampenda kama bibi yake. Mkubwa naye ataendelea kumfuata baba yake popote alipo, na chupa itakuwa mkononi. Kinachohitajika ni mume wako afungue mdomo mara moja, mbele ya mama yake, aseme kwamba agizo la kliniki ni la kwake pia. Mwombe hilo waziwazi, siku ile ile mtakayozungumza kuhusu enaji, baada ya kukubaliana la mkubwa. Akikataa, yupo mtu mama mkwe anayemsikiliza, kaka yake au wifi yako mkubwa. Mfuate huyo.

Mengine uliyoyaandika kuhusu mama mkwe, ya fedha na ya jikoni, nimeyaona. Yaache kwanza. Damu ya mtoto ikipanda, niandikie tena tuyaguse moja moja.

Shangazi yako