Kuvaa kama Grace Kelly bila kumaliza mshahara

Dada, umeuliza kama unaweza kuvaa kwa mtindo wa Grace Kelly, yule mwigizaji wa filamu wa Marekani wa miaka ya 1950, ukiwa na mshahara mdogo. Unaweza, tena uanzie kwa fundi wako wa cherehani. Mei 1955, alipokutana na Mwanamfalme Rainier wa Monaco kwa mara ya kwanza, Grace alivaa gauni la maua lililotokana na katalogi ya McCall's, ya mishono rahisi kwa wanaojishonea nyumbani! Umeme ulikuwa umekatika kwa sababu ya mgomo, akachagua gauni lisilohitaji pasi.

Lile la satini la samawati nyepesi alilopokelea Oscar, tuzo ya filamu, mwaka huohuo alikuwa ameshalivaa kwenye hafla nyingine. Usione haya kurudia nguo.

Mwombe fundi abane kiunoni, sketi iachie hadi chini ya goti, mabega yakae sawasawa. Hapo ndipo pa kuweka pesa yako. Rangi chagua tulivu: nyeupe, bluu, kijivu. Mkoba ghali wa Hermès, kampuni ya mitindo ya Ufaransa, unaoitwa Kelly usahau kabisa. Mkoba wowote imara, usio na mapambo mengi, unatosha. Glavu pia achana nazo, kwa joto hili letu.