Marumaru kwenye kaunta, fundi ananicheka

Swali: Mambo, nataka jiko langu lisifanane na la mtu, nimependa marumaru nyeupe juu ya kaunta na bafuni chini pia, ila fundi anacheka tu. Kwani kuna shida?

Jibu: Hakucheki bure bana. Marumaru halisi, lile jiwe, ni kalsiamu kaboneti, madini yanayoliwa na asidi, sasa tone la ndimu likidondoka hapo ukalisahau dakika kadhaa tu linakula mng'ao, linabaki duara jeupe jeupe ambalo hata usugue na sabuni halitoki maana siyo doa, ni jiwe lenyewe limelika. Kaunta weka granaiti, marumaru ipande ukutani ndo ionekane vizuri. Bafuni chini, marumaru ya kung'aa usithubutu, ikilowa inateleza balaa, chukua vipande vidogovidogo visivyong'aa, mistari ya grauti, ule mchanganyiko wa kujaza kati ya vipande, inashika mguu.