Masta ya fasihi ama ya uandishi? Nimejibu maswali yenu

Haya, tangu niseme nitajibu watu wa fasihi simu haijalala. Wengi mnatoka huku kwetu, Kisumu, Mumias, Njoro, Siaya, hata kuna mmoja wa Usenge. Kwa wageni, mimi nilisoma masta ya fasihi hapa Kenya, nikakaa, nikatuma maombi mara tatu ndio nikapata nafasi Marekani kusoma uandishi miaka miwili, nikarudi, na sasa nafundisha vipindi vya kulipwa kwa saa na kuhariri miswada ya watu, kwa hivyo nikisema kitu kuhusu kukosa pesa mjue sisomi kwa kitabu.

"Mwalimu, mimi nafundisha sekondari karibu na Mumias, digrii yangu ni ya ualimu, Kiingereza na fasihi. Naona fasihi linganishi na uandishi wa kubuni zinatajwa pamoja kila mahali. Ni kitu kimoja? Nichukue gani?"

Mwalimu mwenzangu, hizo mbili ni kama mvuvi na mama anayekaanga samaki pale Dunga, jioni wote wananuka samaki lakini kazi si moja. Kwa fasihi linganishi unakuwa na swali, unachukua maandishi ya lugha mbili tatu, ama ya nchi tofauti, ama hata wimbo na riwaya, unayaweka mezani pamoja uone yanajibizana vipi, na mwisho unatoa tasnifu. Kwa uandishi unaleta hadithi yako mwenyewe, watu kama kumi hivi wanaenda kuisoma nyumbani, siku ya darasa wanaichambua na wewe umekaa hapo kimya kwa sababu kwa warsha nyingi mwenye hadithi haruhusiwi kujitetea mpaka wamalize, na mwisho unatoa muswada wa riwaya, mashairi ama hadithi fupi. Huo mtindo ulipata makao chuo kikuu cha Iowa kule Marekani mwaka 1936, Waingereza wakaanza wao chuo kikuu cha East Anglia 1970. Warsha yangu ya kwanza nilipeleka hadithi ya mama anayeuza soko la Jubilee, wenzangu wakamaliza nusu saa wakiulizana omena, wale dagaa wetu wa ziwani, ni nini, inaliwa na kichwa ama bila, na hakuna hata mmoja aligusa mwisho wa hadithi ambao mimi nilijua umelegea. Nilitoka hapo nimekasirika, lakini wiki ya tatu nikaelewa kwamba shida haikuwa omena, ni vile sikuwa nimemwonyesha huyo mama akiila.

Sasa wewe uchague gani. Jiulize hivi, ukimaliza hadithi tamu usiku, asubuhi unaamka ukitaka nini? Kama unaamka ukijiuliza mbona inafanana na ile ngano ya nyanya yako, wewe ni wa fasihi linganishi. Kama unaamka na wivu, unataka kuandika yako iishinde, nenda uandishi. Na kama ni zote mbili kuna PhD za uandishi, Uingereza na Australia wanazo, unaandika riwaya pamoja na tasnifu fupi ya kuisindikiza.

"Anti, niko Siaya, nilimaliza chuo mwaka jana. Nimeona fasihi linganishi wanataka lugha tatu. Mimi najua Dholuo, Kiswahili na Kiingereza tu. Nianze Kifaransa?"

Ebu hesabu tena polepole. Hiyo "tu" yako imebeba lugha tatu nzima, na kuna watu wanalipa madarasa miaka minne kufika mahali wewe ulifika kabla ya darasa la nne. Hili ndilo jambo linaniuma sana kwa maombi ninayosoma ya watoto wa huku, mtu anaandika kurasa mbili za kujieleza, ametaja wananadharia wote wa Paris, na lugha ya mama yake haipo hata mstari mmoja, kana kwamba ni kitu cha kufichwa sebuleni wageni wakija.

Nikupe mfano. Mshairi Okot p'Bitek alipotoka Uganda alikuja kufanya kazi hapa hapa Kisumu, upande wa chuo kikuu unaofundisha watu walio nje ya kampasi, na 1968 akaandaa tamasha la sanaa hapa mjini. Ule Wimbo wa Lawino wake, shairi refu la mke anayemsuta mumewe aliyeiga Wazungu, aliuandika kwanza kwa Kiacholi, akautafsiri mwenyewe kwa Kiingereza ukatoka 1966, Kiacholi chenyewe kikachapishwa baadaye, 1969, halafu ukaja kutafsiriwa kwa Kiswahili pia. Sasa shairi moja, lugha tatu, na wewe mtu wa Siaya ukikaa na Kiacholi miezi michache na kamusi utakifuata, kwa sababu Kiacholi na Dholuo ni ndugu. Nani mwingine pale darasani ataweza kuuliza Lawino anatukana vizuri zaidi kwa lugha gani, na nini kilidondoka njiani? Hiyo ni tasnifu tayari, na sijakutoza kitu.

Kifaransa usikidharau, ukitaka kusoma waandishi wa Senegal ama Kongo kwa lugha waliyoandika utakihitaji, na idara zingine zitakuambia ukisome ukishafika. Lakini usikianze leo kwa sababu ya woga. Kwa fomu andika kila lugha na kiwango chake, unaongea, unasoma, unaandika. Usidanganye, kuna mahali utapewa maandishi utafsiri mbele ya watu.

"Sampuli ya maandishi iwe kurasa ngapi? Na nitume hadithi ngapi?" (Nakuru mjini)

Kila shule ina masharti yake, yasome kabla ya kuniuliza mimi. Kwa kawaida uandishi wa hadithi ni kama kurasa 20 hadi 30, mashairi kama 10, na kwa fasihi linganishi wanataka insha ya kitaaluma, si hadithi, watu wanachanganya hapo kila mwaka. Tuma kidogo kilicho kizuri. Hadithi moja iliyoiva inashinda tatu ambazo bado zinatoa maji.

"Lekchara wangu amekubali kuniandikia barua ya rekomendesheni lakini amesema niandike mwenyewe yeye atasaini. Ni sawa?"

Si sawa, na najua inafanywa kila siku. Shida hata si dhambi tu, shida ni kwamba barua tatu zilizoandikwa na mkono mmoja zinafanana, na wanaozisoma ni watu wa fasihi, kazi yao ni kujua sauti ya mtu kwa maandishi. Rudi kwake na heshima zako, mwambie "mwalimu najua uko na kazi nyingi, nimekuandalia muhtasari wa ukurasa mmoja", umwekee madarasa uliyosoma kwake, insha uliyomwandikia na alama uliyopata, kozi unayoomba na tarehe ya mwisho kwa herufi kubwa. Hapo yeye atakaa dakika arobaini aandike. Na mkumbushe, mkumbushe tena, mara ya tatu mpeleke chai.

"Anti, pesa zinatoka wapi? Baba yangu ni mtu wa boda hapa Kondele, mimi ni wa kwanza kati ya watoto sita."

Omera, swali lako ndilo nilitaka, nikae nalo kidogo.

Kwanza, usiuze kitu cha baba yako kulipia digrii ya uandishi. Sisemi kwa kebehi, nasema kwa sababu hiyo digrii haina mshahara unaoingoja mlangoni. Kama hawakulipii, ngoja mwaka mwingine. Marekani kuna programu zinalipia kila mtu zinayemchukua, karo inaondolewa na unapewa posho, mara nyingi ukifundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Chuo kikuu cha Cornell kwa mfano wanachukua watu 8 kwa mwaka, 4 wa hadithi na 4 wa mashairi, wote wanalipiwa. Kule Texas, Austin, kuna Michener Center, nao wanalipia. Kwa hivyo unaona ushindani ni wa kukimbizana na dunia nzima, mimi nilikataliwa miaka miwili mfululizo na sikuwa mjinga.

Pili, na hii watu wengi huku hawaijui, kwa PhD ya fasihi linganishi Marekani mara nyingi si lazima uwe na masta. Unaingia na digrii yako ya kwanza, unasoma miaka 5 au 6, karo hulipi, posho unapata na unafundisha. Mtu anamaliza miaka minne akitafuta pesa ya masta hapa ili aweze kuomba kitu ambacho angeomba tangu mwanzo.

Uingereza masta ni mwaka mmoja lakini karo ya mgeni ni moto. Chevening, skolashipu ya serikali ya Uingereza, wanalipia, ila wanataka uwe umefanya kazi angalau miaka 2 na ukimaliza urudi nyumbani miaka 2. Skolashipu za Commonwealth zinauliza masomo yako yatasaidia nini maendeleo ya nchi, kwa hivyo mtu wa mashairi ajipange kujieleza. Na kama uko na Kiswahili kizuri, kuna mpango wa Fulbright, wa serikali ya Marekani, unaopeleka vijana kusaidia kufundisha Kiswahili vyuo vya Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo. Haikupi digrii, lakini unasoma madarasa kadhaa, unajuana na maprofesa, na unajua kama baridi unaiweza.

Ada ya fomu ndio inaua watu kimyakimya. Shule moja inaweza kutaka dola 50, ingine ikapita 100, zidisha mara shule sita uone. Shule nyingi zinaweza kukusamehe ukiandika mapema ukaeleza hali yako, mapema maanake Oktoba, si usiku wa tarehe ya mwisho, na tarehe nyingi za mwisho ni Desemba ama mwanzo wa Januari. Uliza pia kama wanakusamehe mtihani wa Kiingereza kwa kuwa chuo ulisoma kwa Kiingereza, wengine wanakubali.

"Mzee wangu anauliza hiyo masta ya hadithi itanipa kazi gani. Nimjibu nini?" (Bungoma)

Mjibu ukweli. TSC, tume inayoajiri walimu, inakuajiri kwa masomo mawili unayofundisha, haijali kama umeandika riwaya. Vyuo vikuu vya hapa mtu wa kufundisha kwa kudumu anatakiwa awe na PhD, na hapo MFA, yaani hiyo masta ya uandishi ya Marekani, inaleta kisirani kidogo, kwa sababu kule inahesabiwa kama digrii ya mwisho kwa mwandishi lakini hapa ukiifikisha itasomwa kama masta tu. Digrii yoyote ya nje uipeleke Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu itambuliwe, usingoje mpaka siku ya intavyuu. Kazi ziko, uhariri, tafsiri, miswada ya redio na televisheni, kuandikia mashirika ripoti ambazo hakuna mtu mwingine anataka kuandika, lakini hakuna iliyo na jina lako kwa mlango. Na kama mzee atauliza kama kuna mtu alifaulu bila hiyo digrii, usifiche. Binyavanga Wainaina, mtoto wa Nakuru, alishinda tuzo ya Caine ya hadithi fupi za Waafrika 2002, digrii ya uandishi ya East Anglia ikaja miaka baadaye.

"Nasoma masta hapa nchini, nataka kulinganisha riwaya ya Kiswahili na nyimbo za Kibukusu. Idara moja inasema niende kwa ingine. Nimechoka."

Pole sana mwenzangu, nilipita hapo hapo. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliandika waraka wakitaka idara ya Kiingereza ya chuo cha Nairobi ivunjwe ili fasihi na lugha za Kiafrika zikae katikati, na bado leo vyuo vingi utakuta fasihi ni mlango mmoja inasomwa kwa Kiingereza, Kiswahili ni mlango mwingine, na lugha ya mama imesimama koridoni. Mimi sapuvaiza wangu alikaa na sura ya pili miezi minane, nikaja kujua hakuifungua kwa sababu nusu ilikuwa ya nyimbo ambazo hakuzielewa na hakutaka kusema.

Kilichonisaidia ni kuomba kwa maandishi nipewe sapuvaiza wawili, mmoja kila idara, na barua nikaituma kwa wenyeviti wote wawili siku moja ili mtu asiseme hajaiona. Nyimbo zako zirekodi, ziandike kwa Kibukusu, weka tafsiri chini, mstari kwa mstari, na uombe ruhusa kwa waimbaji kabla, majina yao yaingie kama wenye kazi. Kila ukipeleka sura, tuma barua pepe yenye tarehe. Si ugomvi, ni kumbukumbu.

"Naweza kusoma MFA kwa Kiswahili?" (Kisumu, Manyatta)

Mimi sijaiona. Iowa kuna ya Kihispania, kwa hivyo kitu kama hicho kinawezekana, lakini cha kwetu bado. Unachoweza kufanya ni kuandika kwa Kiswahili, utafsiri mwenyewe kurasa 20 na useme wazi kwa fomu kwamba ni tafsiri yako, kuna shule zitaipenda hiyo, na Iowa hapo hapo wana MFA ya tafsiri ya fasihi, iangalie vizuri. Muswada wenyewe wa Kiswahili usiutupe, kuna tuzo ya Kiswahili iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, inapokea miswada ambayo haijachapishwa.

Na yule wa Usenge, swali lako lilikatika katikati, limeishia kwa "mume wangu anasema". Tuma tena.