Kupaisha mpira kama ajira: jibu kwa dada aliyeuliza kuhusu mdogo wake

Dada, swali lako nimelisoma mara mbili kabla ya kuamua kujibu. Kwa mnaoingia sasa hivi: dada ana mdogo wake yuko Ohio, sekondari mwaka wa pili, mcheza soka. Kocha wa mpira wa Kimarekani, ule wa kuvaa helmeti, alimwona akipiga mipira ya adhabu akamwomba awe mpigaji wao. Sasa dogo anasema hiyo ndiyo kazi yake ya maisha, vitabu vitasubiri. Dada anauliza: hivi kweli kuna mtu anaishi kwa kupiga mpira tu, bila kukimbia wala kukabana na mtu?

Yupo. Mimi mwenyewe nilitaka kuwa yeye, nikaishia njiani. Nitaandika kwa kirefu, mwenye haraka apite.

Nilifika Indianapolis mwishoni mwa 2006, nina miaka 15, natoka Tanga, kichwani nina Coastal Union na chandimu za Chumbageni, basi. Januari 13, 2007 mjomba aliita watu nyumbani kuangalia Colts, timu ya hapa Indianapolis, wakicheza ugenini na Baltimore Ravens. Sikuelewa kitu. Watu wanaangukiana, wanainuka, wanajipanga, tangazo la biashara, wanaangukiana tena. Halafu anaingia jamaa mmoja jezi safi haina hata doa, anapiga mpira mara moja katikati ya milingoti, anatoka. Pointi tatu. Baadaye akarudi. Akarudi tena. Mechi iliisha 15 kwa 6, na pointi zote 15 za Colts alizifunga yeye, mikwaju mitano. Jina lake Adam Vinatieri. Nikamuuliza mjomba, "Na huyu naye analipwa?" Mjomba akacheka mpaka akaweka sahani chini.

Nyumbani ukipaisha mpira juu ya mtambaa panya unazomewa hadi utamani ardhi ipasuke. Huku ndilo goli lenyewe! Mpira upite juu ya mtambaa panya, katikati ya milingoti miwili, kipa hakuna. Nikajiambia hii kazi nimezaliwa nayo. Msimu uliofuata nikajiunga na timu ya shule.

Sheria kwa ufupi. Timu ikivusha mpira hadi mwisho wa uwanja inapata pointi sita, kisha mpigaji anaongeza moja kwa mkwaju. Ikikwama njiani lakini imefika karibu, anaitwa apige wa pointi tatu. Umbali unahesabiwa kwa yadi, na yadi moja haifiki mita. Kwenye NFL, ligi kuu ya mpira huu, ule wa pointi moja ulikuwa wa kujipigia tu, mpaka 2015 walipousogeza nyuma hadi yadi 33, kama mita 30 hivi. Tangu hapo watu wanaukosa.

Sasa niseme kitu ambacho dogo hatakiona akiwa shule, na mimi hakuna aliyeniambia. Milingoti ya sekondari imeachana mbali, zaidi ya mita 7. Ya vyuo na ya NFL ina mita 5 na nusu na kidogo. Halafu sekondari unaruhusiwa kuweka mpira juu ya kibao kidogo cha raba kinachouinua kutoka kwenye nyasi. Chuoni kibao marufuku, unapiga chini kavu. Nilimaliza shule nikiwa nafunga yadi 45 mazoezini nikitafuna ubani. Wiki ya kwanza chuoni, bila kibao, nilichimba nyasi kama napanda mihogo. Kwa hiyo dada, mwambie aanze leo kufanya mazoezi bila kibao, hata kama kocha wake hajali.

Jambo la pili ni kwamba mkwaju wanaupiga watu watatu. Kuna mrushaji, anainama na kuutupa mpira nyuma kupitia katikati ya miguu yake, umbali wa yadi saba au nane. Kuna mshikaji, kapiga goti, anaudaka, anausimamisha kwa ncha ya kidole na kuuzungusha ili zile nyuzi zake zitazame milingoti. Na kuna wewe. Toka mpira uondoke mkononi mwa mrushaji hadi mguu wako uuguse ni sekunde moja na robo, moja na theluthi. Ukichelewa zaidi ya hapo kuna majitu yanakuja mikono juu. Penalti ya soka unaweka mpira mwenyewe, unaupapasa, unamwangalia kipa, unavuta pumzi. Huku unaanza kukimbia kuuendea mpira ambao bado haujafika chini. Unaamini tu kwamba utaukuta.

Nilihesabu hatua zangu tatu nyuma na mbili pembeni mpaka nikawa nazihesabu kwenye foleni ya dukani. Na baridi! Mwezi wa kumi na moja Indiana mpira unakuwa kama nazi kavu, ukiupiga unasikia mpaka kwenye nyonga. Mama alikuja kuniangalia mara moja, akakaa jukwaani saa tatu kajifunika mablanketi, mimi nikaingia uwanjani mara mbili. Tukiwa kwenye gari akaniuliza, "Baba, yaani wamekusafirisha na basi saa nne nzima kwa kazi ile?"

Swali la mama ndilo linaloeleza ajira hii kuliko lolote. Muda mwingi unasubiri. Unapiga mpira kwenye wavu pembeni ya benchi, unatembea, unajifunika, unaangalia saa. Wenzako wametoka jasho na damu, wewe uko mkavu, halafu dakika ya mwisho wanakugeukia wote kwa pamoja.

Yangu ilinikuta mwaka wa tatu chuoni. Mvua ya manyunyu, tuko nyuma kwa pointi mbili, zimebaki sekunde sita, yadi 34. Mazoezini huo nilikuwa nakosa mara chache sana. Nimejipanga, nimeinua kichwa, kocha wao akaomba muda. Huo ni mchezo wao wa kawaida, wanaita kumgandisha mpigaji: akae asimame afikirie. Nikasimama nikafikiri. Nilifikiria soksi zangu zilivyolowa, kusema kweli. Tukajipanga upya, mpira ukarushwa ukiwa unateleza, mshikaji akaudaka kwa taabu, nikapiga. Ulianza vizuri kabisa katikati, kisha ukapinda kulia kama umeitwa na mtu, ukagonga mlingoti. Ile sauti ya "ngwaa" ya chuma bado naijua.

Jumatatu tukaangalia video. Nyuzi zilikuwa zinatazama mguu wangu. Mguu ukikutana na nyuzi mpira unaenda unakotaka wenyewe. Chumba kizima kiliona, mshikaji akainamisha kichwa, mimi nikanyamaza. Mpigaji hamlaumu mshikaji mbele ya watu, maana wiki ijayo vidole vyake ndivyo vitakavyokuwa chini ya mguu wako. Kwenye takwimu limeandikwa jina langu peke yangu, hadi leo.

Wakubwa yamewakuta zaidi ya hapo. Scott Norwood wa Buffalo Bills alikosa mkwaju wa yadi 47 Januari 1991, mkwaju wa kuchukua Super Bowl, yaani fainali ya NFL, wakafungwa 20 kwa 19 na Giants. Miaka yote hii mtu akitaja jina lake anataja ule mpira uliopita kulia. Wachache wanakumbuka kwamba timu iliporudi Buffalo, watu walijaa uwanjani katikati ya mji wakaliita jina lake kwa kelele mpaka akatoka kuwasalimia. Cody Parkey wa Chicago, Januari 2019, yadi 43, mpira uligonga mlingoti, ukashuka ukagonga mtambaa panya, ukarudi ndani ya uwanja. Baadaye video ilionyesha kidole cha beki wa Eagles, wapinzani wao, kiliugusa ukitoka, na rekodi ikabadilishwa ikaandikwa umezuiwa. Haikumsaidia. Miezi miwili baadaye timu ilimwacha.

Ila anayeniuma zaidi ni Gary Anderson, na hapo nakiri upendeleo, maana ni mzaliwa wa Afrika Kusini na alifika Marekani kijana anayejua soka, kama sisi. Msimu wa 1998 akiwa Minnesota Vikings hakukosa hata mmoja: 35 kwa 35 ya pointi tatu, 59 kwa 59 ya pointi moja. Kisha kwenye mechi ya kuingia Super Bowl akakosa mmoja. Mechi ikaenda muda wa nyongeza, na aliyewatoa alikuwa mpigaji wa Atlanta, Mdenmark Morten Andersen, kwa mkwaju wa yadi 38. Hata majina yanafanana, tofauti ni herufi moja.

Sasa turudi kwa Vinatieri, maana dogo atakutajia huyo tu. Hakuchaguliwa na timu yoyote alipomaliza chuo. Alikwenda kupigia timu ya Amsterdam, Ulaya, ndipo 1996 New England Patriots wakamwita akagombanie nafasi na mkongwe Matt Bahr. Akaichukua. Januari 19, 2002, theluji inaanguka kama pamba, alifunga wa yadi 45 kusawazisha dhidi ya Oakland, kisha mwingine wa yadi 23 muda wa nyongeza. Itafute video, huoni hata mistari ya uwanja. Wiki mbili mbele akafunga wa yadi 48 saa ikiisha, Patriots wakachukua Super Bowl yao ya kwanza. Alicheza misimu 24, akafunga pointi 2,673, hakuna aliyewahi kufunga nyingi kuliko hizo kwenye NFL.

Lakini mimi nilikuwa hapa Indianapolis 2019, yeye yuko Colts, ana miaka 46. Msimu ule alikosa mikwaju 8 ya pointi tatu na 6 ya pointi moja. Watu wale wale waliokuwa wanamwita babu kwa mapenzi, kazini kwetu, asubuhi, na kahawa mkononi, walikuwa wanasema atolewe. Goti lilikuwa bovu. Nilitamani kumuuliza mmoja wao kama amewahi kusimama pale.

Hesabu ya ajira yenyewe ni ndogo na inatisha. NFL ina timu 32, kila timu mpigaji mmoja. Nafasi 32 dunia nzima, na aliyekaa anaweza kukaa miaka 20. Anayepata, anapata kweli: Harrison Butker wa Kansas City alisaini 2024 mkataba wa miaka minne wa dola milioni 25.6. Naye alianza kwa kuachwa na Carolina kwenye kikosi cha mazoezi. Wengi wao ni wa kuitwa Jumanne kwa majaribio, saba wanapiga mstari mmoja, mmoja anabaki, sita wanapelekwa uwanja wa ndege. Wengine wanakosa mara mbili Jumapili, Jumatatu hawana kazi.

Mimi nilicheza chuo kidogo cha daraja la tatu, ambako ufadhili wa michezo haupo kisheria, kwa hiyo ada ilikuwa mkopo, na bado nalipa. Baada ya chuo nilienda kwenye kambi moja ya kulipia ambako tuliambiwa watakuja wasaka vipaji. Tulikuwa zaidi ya 60. Kijana aliyepiga kabla yangu alifunga wa yadi 60 akiwa anaongea na mwenzake. Nilipiga yangu kumi, nikafunga saba, nikakunja begi. Jumatatu nikaanza kazi ghalani.

Simwambii aache. Peter Gogolak alipoleta mtindo wa kupiga kwa ubavu kama wa soka mwaka 1964, watu walicheka. Leo hakuna anayepiga vingine. Kazi hii imetengenezwa na wageni: Gogolak Mhungari, Jan Stenerud kutoka Norway aliyekwenda Marekani kuruka na skii, Wanijeria Obed Ariri na Donald Igwebuike waliotoka chuo cha Clemson na kupigia Tampa Bay. Mguu wa soka hauna shida. Na umri usimtishe: Brandon Aubrey alisajiliwa kucheza soka Toronto, ikagoma, akawa mhandisi wa programu za kompyuta, anatazama mechi nyumbani na mkewe, mke akamwambia hiyo hata wewe unaiweza. Mwaka 2023 akaingia Dallas Cowboys akiwa na miaka 28, akafunga mikwaju 35 ya mwanzo ya pointi tatu bila kukosa. Angalia alichokuwa nacho mfukoni kabla ya kurudi kujaribu: shahada na kazi.

Kwa hiyo vitabu visisubiri. Apige soka na hii kwa pamoja kama kocha wote wawili wanakubali, atafute mrushaji na mshikaji wa kudumu akae nao hata chakula cha mchana, apige bila kibao, na asipige mipira 150 kwa siku kama nilivyofanya mimi, nyonga yangu ya kulia inajua mvua itanyesha lini.

Halafu dada hukusema: anapiga kwa kulia au kushoto? Kama ni mshoto, mshikaji inabidi akae upande wa pili na ajifunze kuuzungusha mpira kwa mkono mwingine, na shuleni kwao pengine hakuna aliyewahi kufanya hivyo. Aanze kumtafuta sasa, kabla ya mwezi wa nane.